Ushanga Wenye Wasomaji Wawili: Uhakiki wa Kazi za Shanga za Wahaudenosaunee Zilizoshonwa kwa Ajili ya Watalii katika Karne ya 19

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi za shanga zilizoshonwa na wanawake wa Haudenosaunee, ambao maandishi mengi ya kigeni huwaita Wairoquois, na kuuzwa kwa watalii wa Niagara, Montreal na kwingineko katika karne ya 19. Yanaonesha kwamba kigezo cha uhalisi kilichotumiwa kwa muda mrefu kuzidharau kazi hizo hakisimami, kwa kuwa hata kazi zilizosifiwa kuwa halisi zilishonwa kwa agizo la mnunuzi. Aidha, yanatahadharisha dhidi ya mwelekeo mpya wa kutafuta ishara ya siri katika kila ua. Yanapendekeza vipimo vitatu vya kusoma maudhui ya kazi hizi, na yanahitimisha kwa kuhoji jinsi makumbusho yanavyoandika kwamba mtengenezaji hajulikani.

1.0 Utangulizi

Katika makumbusho mengi ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya vimo vijimto vya kuchomekea pini, mikoba ya wanawake, fremu za picha, viatu vidogo vya mapambo na ndege wa kitambaa, vyote vikiwa vimejazwa shanga za kioo. Vilishonwa na wanawake wa Haudenosaunee, shirikisho la mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Haudenosaunee ni jina linalofasiriwa kuwa watu wa nyumba ndefu, na ndilo wanalojiita wenyewe. Iroquois ni jina walilopewa na wageni. Watalii walizinunua kazi hizo, wakazipeleka kwao, wakaziweka mezani au kuzitundika ukutani. Baada ya vizazi kadhaa, nyingi ziliishia katika masanduku ya urithi, minada na maghala ya makumbusho.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakuzihesabu kuwa sanaa yenye kustahili kuchunguzwa. Mtafiti wa mila aliona kwamba zimechafuliwa na soko. Mhakiki wa sanaa aliziweka katika fungu la kazi za mikono za wanawake, fungu ambalo lilikuwa na heshima ndogo. Mkusanyaji alizipenda, lakini akazipa jina la mzaha lenye maana ya kidude cha kufurahisha macho. Hukumu hizi tatu zinatofautiana kwa maneno, lakini zinakubaliana katika jambo moja: kwamba kitu kilichotengenezwa ili kiuzwe kwa mgeni hakiwezi kubeba fikra ya aliyekitengeneza.

Hukumu hiyo ilianza kutikiswa na Graburn (1976), aliyehariri mkusanyo wa makala kuhusu sanaa zinazotengenezwa kwa ajili ya watalii katika sehemu mbalimbali za dunia. Phillips (1998) aliendeleza hoja hiyo kwa kitabu kizima kuhusu vitu vya ukumbusho vya watu wa asili wa kaskazini-mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Alionesha jinsi vitu hivyo vilivyotupwa nje na pande zote mbili, wataalamu wa mila na wataalamu wa sanaa. Hata hivyo, kazi ya kutetea thamani ya vitu hivi haijamaliza kazi ya kuvihakiki. Kukubali kwamba kijimto cha pini ni sanaa ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kueleza jinsi kinavyofanya kazi kama sanaa, wapi kinafaulu na wapi kinalegea. Makala haya yanajikita katika hatua hiyo ya pili.

2.0 Muktadha wa Kihistoria

Kazi hizi haziwezi kueleweka bila kuitazama ardhi. Mwaka 1794 Marekani na Wahaudenosaunee walitia saini Mkataba wa Canandaigua, ulioahidi amani na kutambua ardhi za mataifa hayo. Pamoja na ahadi hiyo, ardhi iliendelea kupungua kwa mikataba na mauzo ya baadaye, na mataifa mengi yakabaki katika maeneo madogo yaliyotengwa. Katika jamii ambazo ukoo hufuata upande wa mama, na ambazo wanawake ndio waliosimamia mashamba ya mahindi, maharage na maboga, kupungua kwa ardhi kulikuwa pia kupungua kwa nguvu za kiuchumi za wanawake. Sindano ilikuwa mojawapo ya njia za kuirudisha sehemu ya nguvu hizo.

Soko lenyewe liliandaliwa na njia za usafiri. Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825, ulipita katika nchi iliyokuwa ya Wahaudenosaunee. Mfereji huo, na baadaye reli, uliwaleta wasafiri kwa maelfu hadi Maporomoko ya Niagara. Watuscarora waliishi jirani na maporomoko hayo. Tarehe 19 Desemba 1813, wakati wa vita kati ya Marekani na Uingereza, walikuwa wamewasaidia wakazi wa kijiji cha Lewiston kuwakimbia washambuliaji. Kwa mujibu wa masimulizi ya Watuscarora, haki ya wanawake wao kuuza kazi za shanga katika eneo la maporomoko ilitolewa na familia ya Porter, iliyomiliki ardhi hiyo, kama shukrani kwa mchango wao katika vita hivyo. Kwa hiyo, kwa wauzaji wenyewe, mahali pa kuuzia palikuwa na uzito wa mapatano. Mtalii aliyesimama mbele ya kitambaa kilichotandazwa aliona bidhaa, ilhali mwanamke aliyeketi nyuma yake alikuwa akiitumia haki ambayo taifa lake lilikuwa limeilipia.

Upande wa Kanada, Wamohawk wa Kahnawake, jamii iliyo ng'ambo ya Mto St. Lawrence kutoka Montreal, walijenga biashara yao kwa namna nyingine. Waliuza mjini, na pia walisafiri na bidhaa zao kwenda kwenye maonesho na miji ya mapumziko. Hivyo kazi zao zilienea mbali, na jina la Montreal lilishonwa kwa shanga juu ya nyingi kati yake.

Malighafi nayo ina historia yake. Kabla ya kioo, Wahaudenosaunee walipamba vitu kwa miiba ya nungu iliyotiwa rangi, na walitengeneza ushanga wa kombe uitwao wampum, ambao mikanda yake ilitunza kumbukumbu za mikataba. Shanga za kioo zilitoka Ulaya, hasa Venice na Bohemia. Msomaji wa Afrika Mashariki anazifahamu shanga hizo kwa njia nyingine, kwa kuwa karakana za Venice zilituma pia shanga zilizopita Zanzibar na Bagamoyo pamoja na misafara ya karne ya 19. Hakuna anayesema kwamba mapambo ya Kimaasai si ya Kimaasai kwa sababu kioo chake kiliyeyushwa Ulaya. Mantiki hiyohiyo inapaswa kutumika kwa sindano ya Niagara.

3.0 Fani: Mshono Unaoinuka

Sifa bainifu ya kazi hizi ni mshono wa mbinuko. Mshonaji hukata kiolezo cha karatasi chenye umbo la ua, jani au ndege na kukilaza juu ya kitambaa, kwa kawaida mahameli au sufu. Kisha hupitisha uzi wenye shanga kutoka ukingo mmoja wa kiolezo hadi mwingine. Siri ya mbinu hii imo katika hesabu. Idadi ya shanga katika uzi huzidi kidogo urefu wa nafasi inayofunikwa, kwa hiyo mstari hauwezi kulala. Unapinda juu kama upinde. Mistari ikipangwa sambamba, ua zima huinuka juu ya kitambaa. Karatasi hubaki ndani, imefunikwa. Kijimto hujazwa vitu kama vumbi la mbao ili kiwe kizito na kigumu, na nyuma yake hushonewa kitambaa cha pamba.

Mbinu hii ina madhara ya kisanaa ambayo jicho la haraka hulipita. Ushanga uliolala huonesha rangi tu. Ushanga ulioinuka huonesha rangi pamoja na mwanga, kwa sababu kila mstari una kilele kinachong'aa na bonde lenye kivuli. Kazi ikigeuzwa mkononi, ua hubadilika. Kwa maneno mengine, hizi ni kazi zilizokusudiwa kushikwa. Zinapofungiwa katika kabati la kioo na kumulikwa na taa isiyosogea, sehemu kubwa ya fani yake hupotea, na mtazamaji huhitimisha kwamba ni mapambo mengi yasiyo na mpango. Hukumu hiyo inatokana na mazingira ya maonesho kuliko kazi yenyewe.

Mitindo pia hutofautiana kwa jamii na kwa wakati. Mikoba ya katikati ya karne ya 19 huwa na maua ya shanga ndogo yaliyopangwa kwa ulinganifu juu ya mahameli meusi, na mbinuko wake ni wa wastani. Katika kazi za Kahnawake za mwishoni mwa karne, shanga huwa kubwa zaidi, nyingi hazina rangi, vitambaa ni vya rangi kali kama waridi, na mbinuko huwa mkubwa. Watuscarora walipendelea sana ndege walioketi juu ya matawi yenye matunda. Mtu aliyeziona nyingi anaweza kutenganisha kazi za jamii moja na za nyingine bila kusoma kibandiko, na uwezekano huo wenyewe ni ushahidi kwamba soko halikuufuta mtindo wa jamii. Mnunuzi alikuwa mmoja, lakini majibu aliyopewa yalikuwa mbalimbali.

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja pia udhaifu. Shanga kubwa hujaza nafasi haraka kuliko ndogo. Zipo kazi ambazo ndani yake haraka hiyo inaonekana wazi: mistari imeachana, ua limepoteza umbo, na mbinuko umekuwa mazoea yasiyoeleza kitu. Kazi za namna hii zilishonwa kwa wingi, na bei ya wingi huonekana katika mshono. Kulikiri hilo hakuzidhalilishi kazi nyingine. Kinyume chake, bila kutofautisha kazi nzuri na kazi dhaifu, mhakiki huwarudisha washonaji wote katika kundi moja lisilo na sura, jambo ambalo ndilo lililofanywa na wale waliowadharau.

4.0 Maudhui: Wasomaji Wawili

Kazi hizi zina wasomaji wawili. Msomaji wa kwanza ni mnunuzi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke wa tabaka la kati kutoka mjini. Maumbo mengi yalimfuata yeye: kijimto chenye umbo la moyo, kiatu kidogo, mkoba wa mkononi, fremu ya picha, kofia ya mtindo wa Uskoti. Hata maneno yaliyoshonwa, kama vile "Nikumbuke" au jina la mahali na mwaka, yaliandikwa kwa Kiingereza ili aweze kuyasoma. Msomaji wa pili ni jamii ya mshonaji, iliyoliona ua au tunda lilelile na kulielewa kwa historia nyingine.

Mfano wa wazi ni stroberi. Kwa mnunuzi wa enzi ya Malkia Victoria, stroberi lilikuwa tunda la kupendeza ambalo liliwahi pia kupamba vikombe na vitambaa vyake. Kwa Wahaudenosaunee, stroberi ni miongoni mwa matunda ya kwanza ya mwaka, huadhimishwa kwa sherehe ya shukrani mwanzoni mwa kiangazi, na lina nafasi katika mafundisho ya dini yao. Kijimto chenye umbo la stroberi hakikumdanganya mnunuzi, wala hakikuisaliti jamii. Kilisomwa kwa namna mbili kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Kwa kuwa usomaji huu wa aina mbili umethibitika katika mifano fulani, baadhi ya maelezo ya siku hizi huutumia kila mahali, hata kila ua linageuzwa kuwa mti wa mbinguni na kila duara kuwa kobe aliyeibeba dunia katika simulizi la Mwanamke wa Mbinguni. Nia ni njema, kwani ni kurejesha heshima. Lakini usomaji huo una kasoro ileile ya kigezo cha uhalisi, kwa sababu unakubali kimyakimya kwamba kazi ya kuuza haina thamani mpaka ithibitishwe kuwa ilificha jambo takatifu. Mwanamke aliyeshona ua kwa sababu aliliona kuwa zuri, au kwa sababu lilinunuliwa jana na lingenunuliwa kesho, anaondolewa tena katika historia ya kazi yake.

Makala haya yanapendekeza vipimo vitatu. Kwanza, je, umbo linaonekana pia katika vitu ambavyo jamii ilivitengeneza kwa matumizi yake? Pili, je, jamii yenyewe inalitaja umbo hilo katika masimulizi, sherehe au ushuhuda wa washonaji? Tatu, je, umbo linaelezeka kikamilifu kwa mtindo uliopendwa na mnunuzi wa wakati huo? Stroberi linapita vipimo viwili vya kwanza kwa urahisi. Nusu duara, inayofasiriwa kuwa kuba la mbingu, hupita pia, kwa kuwa imeshonwa kwenye sketi na nguo za miguuni za wanawake wenyewe. Kiatu kidogo cha mahameli hakipiti. Ni umbo la mnunuzi, na ubora wake utafutwe katika mshono. Maua mengi hubaki katikati, na mhakiki mwangalifu huyaacha hapo. Kuacha jambo wazi ni sehemu ya kulisoma vizuri.

5.0 Kazi Halisi na Mnunuzi Wake

Pingamizi kubwa dhidi ya kazi za watalii ni kwamba zilishonwa kwa agizo la soko. Nguvu ya pingamizi hilo hupungua sana kazi za Caroline Parker zinapochunguzwa. Parker alikuwa Mseneca wa Tonawanda, dada yake Ely S. Parker. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Lewis Henry Morgan, mwanasheria aliyekuwa akiandika kitabu kuhusu shirikisho hilo, kilichochapishwa mwaka 1851, alipewa jukumu la kuukusanyia mkoa wa New York vitu vya Wahaudenosaunee. Sehemu ya mkusanyo huo ilitoka kwa familia ya Parker. Caroline alishona mavazi yenye shanga, na picha yake akiwa amevaa mavazi ya namna hiyo imesambaa katika vitabu vingi kama kielelezo cha vazi halisi la mwanamke wa Kiseneca.

Jambo lisilosisitizwa vya kutosha ni kwamba vitu vingi vya mkusanyo huo vilitengenezwa vikiwa vipya, kwa agizo, na kwa malipo ya serikali. Mnunuzi alikuwa mgeni. Alichagua aina ya vitu alivyovitaka, naye alivipeleka mbali na jamii. Kwa kila kipimo kilichotumika kuukataa mkoba wa Niagara, vitu hivyo navyo vingestahili kukataliwa. Vilikubaliwa kwa sababu mnunuzi wake alikuwa mtaalamu na alivinunua kwa jina la elimu. Kwa hiyo mstari kati ya kazi halisi na kazi ya watalii uliwekwa kwa kuangalia hadhi ya mnunuzi, ilhali mkono ulioshona ungeweza kuwa mmoja. Baadaye Caroline Parker aliolewa na John Mount Pleasant, chifu wa Watuscarora, akaishi miongoni mwa watu ambao wanawake wao waliuza shanga penye maporomoko. Maisha yake yanaugusa upande wote wa mstari huo, na kuonesha jinsi ulivyo mwembamba.

Sehemu kubwa ya mkusanyo wa Morgan iliteketea katika moto wa mwaka 1911 huko Albany. Vitu vilivyonunuliwa kwa ajili ya kuhifadhiwa viliungua, huku vijimto vilivyonunuliwa kwa ajili ya kupambia sebule vikidumu kwa wingi. Kumbukumbu pana zaidi ya ushonaji wa wanawake hawa katika karne hiyo imetunzwa, bila kukusudiwa, na watalii.

6.0 Jina Lililokosekana

Tofauti moja kati ya Caroline Parker na washonaji wengi wa Niagara na Kahnawake ni kubwa kweli: jina lake linajulikana. Kwenye vibandiko vya makumbusho, kazi nyingine nyingi huandikiwa kwamba mtengenezaji hajulikani. Maneno hayo yanaonekana kuwa taarifa ya kawaida, lakini yanastahili kuhojiwa. Mshonaji alijulikana vizuri kwa binti yake, kwa majirani zake na kwa mama wa ukoo wake. Mtu aliyesimama mbele yake na kumlipa angeweza kumuuliza jina, akachagua kuuliza bei. Kutojulikana huko kulianzia kwenye tendo la kununua, na kibandiko hulihamishia kwa mshonaji kana kwamba lilikuwa tabia ya utamaduni wake.

Mabadiliko yamekwisha kuanza. Onesho kuhusu nafasi ya shanga katika maisha ya Wahaudenosaunee, lililofunguliwa katika Makumbusho ya McCord mjini Montreal mwaka 1999, liliandaliwa kwa ushirikiano wa wataalamu wa makumbusho na wawakilishi wa jamii za Kahnawake na Tuscarora. Thamani ya ushirikiano wa namna hiyo ni kwamba jamii zinashiriki kuamua ni kitu gani kinachosemwa kuhusu vitu hivyo. Msanii na msomi wa Kituscarora, Jolene Rickard, ameuhusisha ushonaji wa shanga na haki ya taifa lake kujitawala. Hoja ya aina hiyo isingeweza kutoka kwenye kitu chenyewe kikiwa peke yake kabatini.

Aidha, mshono wa mbinuko haujafa. Washonaji wa leo wanautumia kwa mavazi ya sherehe ya jamii zao na kwa kazi za kuuza, bila kuona kwamba matumizi moja yanachafua mengine. Bila soko la karne ya 19, ni vigumu kueleza jinsi ustadi unaohitaji mazoezi ya kila siku ungeweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa binti katika miaka ya umaskini na upotevu wa ardhi. Biashara iliyolaumiwa kwa kuua mila ndiyo iliyolipia uzi.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba kuuzwa kwa mgeni ni sehemu ya historia ya kazi hizi za shanga, na hakutoshi kuwa hukumu juu ya ubora wake. Ubora hupimwa kwa mshono, kwa mpangilio, kwa namna mwanga unavyotumika, na kwa jinsi umbo moja linavyowahudumia wasomaji wawili. Umeonesha pia kwamba kuzitetea kwa kuzibebesha ishara zisizothibitika ni kuendeleza dharau kwa sura nyingine.

Kutokana na matokeo hayo, inapendekezwa kwamba makumbusho yaoneshe kazi hizi katika mwanga unaouruhusu mbinuko wake kuonekana, yataje taifa na jamii iliyozishona pale mtindo unapoitambulisha, na yaache kuandika kwamba mtengenezaji hajulikani. Kibandiko kinachosema kwamba mnunuzi hakuliandika jina la mshonaji ni kirefu kwa maneno machache tu, na kinamrudishia mwenye jukumu jukumu lake. Kwa watafiti, kazi iliyobaki ni kulinganisha kazi zilizomo katika makumbusho na zile zilizomo majumbani mwa jamii zenyewe, wakiongozwa na washonaji ambao bado wanajua ni shanga ngapi huongezwa ili mstari upinde.